Mwenye hatia hakai chini: filamu fupi ya dakika tisa ndani ya nyumba moja Kisumu

Filamu nyingi za wanafunzi kuhusu hatia huanzia bafuni. Kijana ameinamia sinki, anajimwagia maji usoni, anainua kichwa na kujitazama kwenye kioo kwa sekunde kumi. Kisha ndoto, anashtuka ametota jasho. Kisha tunaisikia sauti yake ikitueleza kwamba hajalala tangu siku ile. Kufikia dakika ya pili mtazamaji ameshajua yote, na zimebaki dakika saba za kumtazama mtu mwenye huzuni.

Kamera haina kosa hapo, wala mwigizaji. Mwandishi ametafuta sura ya hatia, na hatia haina sura, ina kazi. Mtu aliyewakosea watu wa nyumbani kwao huwa wa kwanza kuamka. Ndiye anayechota maji bila kutumwa, ndiye anayepanga viti, ndiye asiyeketi hata akiambiwa pumzika kidogo. Ukimwandika hivyo, ndugu zake watamsifu, na kila sifa itakuwa msumari wa moto juu ya donda. Hapo msisimko unaanza bila muziki wowote.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alizitenganisha hatia na aibu kwa namna inayomfaa sana anayeandika skripti. Hatia inakaa juu ya tendo: nimefanya jambo baya. Aibu inakaa juu ya nafsi nzima: mimi ni mtu mbaya. Mwenye hatia hutaka kurekebisha, kulipa, kuungama. Mwenye aibu hutaka kujificha. Mhusika wako avutwe na zote mbili, mikono ikilipa na mdomo ukificha.

Tuchukue hadithi moja ili maneno yasielee hewani. Odhiambo ana miaka 22, dada yake Akinyi 27. Yuko mama yao, na yuko waya, yaani shangazi upande wa baba. Ni siku ya tatu ya matanga, nyumba iko upande wa Dunga. Baba yao alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki. Jumanne, Akinyi alituma shilingi 9,500 kwenye simu ya Odhiambo ili ampeleke mzee hospitali. Odhiambo akazibeti, zikaenda zote, akamwambia mzee mashine imeharibika, tutarudi Ijumaa. Mzee akafariki Alhamisi.

Je, angekufa hata kama angepelekwa? Hakuna ajuaye, na filamu isijifanye inajua. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi huogopa kuliacha wazi, wakamleta daktari aseme "angepona." Ukimleta daktari umeiua hadithi. Mtu mwenye uhakika kwamba ameua huweza kuungama akamaliza. Asiye na uhakika hulihesabu upya jambo lile lile kila usiku.

Kabla ya kuandika sini yoyote, pata karatasi ya manila na kalamu ya wino mnene. Juu, andika majina ya wahusika wanne na safu ya tano ya mtazamaji. Kando, andika namba za kurasa. Jaza: ukurasa huu nani anajua nini, na nani anashuku nini. Kwenye hadithi hii mtazamaji aijue siri ukurasa wa tatu, pale Odhiambo anapofuta ujumbe wa simu na jicho letu likaona neno moja tu la kampuni ya beti kabla haujapotea. Wengi huficha mpaka mwisho wakidhani wanajenga msisimko, kumbe wanatega kitendawili. Mtazamaji akishajua, swali la kawaida kabisa kama "Odhis, ile risiti ya Jumanne iko wapi?" linamkaza tumbo. Akinyi aliuliza kwa sababu anajaza daftari la gharama, basi. Au hapana?

Urefu: kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja inafaa filamu ya maneno. Hii ni ya mikono, na ukurasa uliojaa vitendo huenda dakika moja na robo au zaidi. Andika kurasa saba, utapata dakika tisa. Ukiandika kurasa kumi utaishia na dakika kumi na tatu, na utakata mambo uliyolipia nauli na chakula kuyashuti.

Kuhusu chira. Msomaji asiye wa upande huu ajue kwamba kwa Waluo chira ni madhara yanayompata mtu au watu wake kwa kuvunja miiko, mara nyingi kwa kudhoofika na kukonda. Si uganga wa kurogwa, na ndiyo maana inafaa hadithi ya hatia: kosa ni la kwako, na linaweza kumshukia asiyehusika. Waya alitaje neno hilo mara moja tu, akizungumzia jirani, huku akichambua mboga. Odhiambo yuko karibu anakata kuni. Shoka lisimame nusu sekunde. Kisha liendelee. Ukimleta mganga, au mzuka wa baba mlangoni, filamu imehama na kuwa ya kutisha, ambayo ni kazi nyingine kabisa.

Matanga yana watu mia, nanyi hamna watu mia wala chakula chao. Yashutini kwa sauti. Kamera ikae jikoni, kwenye stoo, kwenye korido na chumba kimoja. Umati usikike tu kupitia ukutani: jenereta, viti vya plastiki vikiburutwa, mtu akijaribu maikrofoni, kwaya. Kinachoonekana ni ukingo wa hema mlangoni na viti kama ishirini hivi, huku watu sita wakipita mbele na nyuma wakiwa wamebadilisha leso na koti. Kwaya isiwe rekodi ya mtu, hata kama wimbo wenyewe ni wa kale na hauna mwenyewe. Chukua waimbaji wanne, warekodi wakiimba mara tatu wakibadilishana nafasi, kisha tandaza rekodi hizo moja juu ya nyingine ukikata mlio mwembamba wa juu. Nyuma ya ukuta, wanne watasikika kama thelathini.

Jeneza, achaneni nalo. Familia nyingi hazitakubali jeneza tupu liingie nyumbani kwao, na zina haki. Hata picha ya "marehemu" ina taabu yake: wazee wengi hawatakupa picha yao uizungushie maua. Suluhisho ni picha iliyogeuzwa uso ukutani, ambayo nayo inasema zaidi ya uso wowote. Pia waarifuni majirani siku mbili kabla, pamoja na chifu au mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Hema likisimama uani bila maelezo, watu watakuja kutoa pole na mchango.

Sasa kazi za mikono, maana ndizo zinazoigiza. Mpe mwigizaji kazi inayoweza kuharibika asipokuwa makini. Kufuta vumbi hakufai, kwa kuwa ukifuta vizuri au vibaya ni sawa. Kuchagua mchele kunafaa: jiwe linaonekana. Kuhesabu viti kunafaa, kwa sababu akiulizwa swali katikati atapoteza hesabu na kuanza upya, na hapo hajasema lolote lakini tumeelewa. Kusonga ugali kunafaa kuliko vyote, ila kuna gharama: ugali ulioshika haurudi kuwa uji. Kila teki, yaani kila mara mnaporudia kushuti, inayoanza na maji yanayochemka inakula unga mpya. Shutini shoti pana mara mbili tu, kwa pakiti ya kilo 2 kila moja, kisha shoti za karibu za mwiko, kifua na jicho zishutwe kwa ule ule uliobaki sufuriani ukiongezewa maji ya moto kupata mvuke. Anayeangalia mfuatano apige picha ya sufuria kila kabla ya "kata": maji yalifika wapi, mwiko uliegemea upande gani, mkono wa shati ulikunjwa mara ngapi.

Sini ya kula nayo ni mtego. Mwambie mwigizaji amege tonge dogo la ukubwa wa ukucha, maana kwenye teki ya tano yule aliyeanza kwa tonge la kawaida atakuwa ameshiba na hawezi tena kuigiza mtu asiyepitisha chakula kooni.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kazi za wanafunzi huanguka bila wao kujua kwa nini. Simu na kamera zikiachwa zijipangie, hupima fremu nzima. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli chenye meno. Zima upimaji wa kujiendesha. Pima uso, funga hapo, na ukuta ukiungua kidogo uache. Kama kamera ina mistari ya zebra, ile inayojichora kwenye skrini juu ya sehemu zenye kiwango cha mwanga ulichochagua, iweke uone sehemu angavu ya shavu ikifika asilimia 45 hadi 55. Taa isimulike usoni moja kwa moja. Ngozi nyeusi huumbwa na mng'ao, kwa hiyo weka chanzo kipana upande mmoja, dirisha lenye shuka jeupe au kipande cha hadibodi nyeupe cha mita moja, na mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu na paji. Ukuta mweupe mfunike kwa leso au usogeze watu mita mbili mbele yake.

Stima yetu ni ya hezi 50. Simu nyingi hutoka dukani zikishuti fremu 30 kwa sekunde, na chini ya balbu za LED za bei rahisi utaona mistari myeusi ikipanda kwenye picha. Weka fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android, na inakuruhusu kufunga vyote hivyo pamoja na rangi ya mwanga. Koroboi ionekane kwenye fremu lakini isifanye kazi: mwanga wake ni mdogo mno. Nyuma yake, pasipoonekana, ficha balbu ndogo ya kuchaji yenye rangi ya njano, 2700K, iliyofunikwa karatasi ya kuokea.

Jioni ya Kisumu ni fupi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi na karibu saa moja, kutegemea mwezi, na giza huingia haraka kwa sababu tuko karibu na ikweta. Una dakika ishirini za ule mwanga wa buluu. Hizo ni shoti mbili, labda tatu kama mazoezi yalifanyika mahali hapo hapo saa kumi. Karibu na ziwa taa za usiku huita vidudu vya ziwani kwa makundi, vinaingia hata mdomoni. Washa taa moja kali mbali na seti ivivutie huko. Na ufukweni giza likiingia, ondokeni. Viboko hutoka majini kula nyasi usiku, na hakuna shoti yenye thamani hiyo.

Picha ikiwa wastani mtazamaji husamehe. Sauti mbaya hasamehi. Nyumba ya mabati isiyo na dari ina matatizo matatu. La kwanza ni mwangwi: tundika blanketi tatu nzito nje ya fremu, moja nyuma ya kamera, mbili kando, na godoro sakafuni. La pili ni mabati yenyewe, ambayo hulia ta, ta, ta yakipashwa na jua asubuhi na yakipoa jioni. La tatu ni mvua. Kando ya ziwa mawingu hujikusanya mchana, na kuanzia Machi hadi Mei mvua ya alasiri ni jambo la kutegemewa. Ikigonga mabati hakuna neno litakalosikika. Kwa hiyo mazungumzo yote yashutwe kati ya saa tatu na saa saba mchana, na alasiri iachiwe sini za kimya. Ratiba ya siku tatu, shoti kumi na nne kwa siku, inatosha ukiipanga hivyo.

Rekodi kwa 48 kHz, biti 24, sauti ya mazungumzo ikigonga karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa. Maiki ya mti, ile inayofungwa kwenye fimbo ndefu, ikae sentimita 30 hadi 50 juu ya mdomo, nje kidogo ya fremu. Asiye na maiki aweke simu ya pili kwenye mfuko wa shati la mwigizaji, ikiwa haina laini, na apige makofi mara moja mbele ya kamera kila teki inapoanza ili mhariri apate pa kuoanishia. Zima friji. Uweke ufunguo wa nyumba ndani yake, hamtaondoka mkasahau kuiwasha. Kila chumba kirekodiwe sekunde 60 za ukimya watu wakiwa wamesimama tuli. Bila hizo, kila ukikata mstari mmoja wa mazungumzo, hewa ya chumba itakatika nao.

Sauti inayobeba filamu hii ni mtetemo wa simu. Irekodi mara tatu: juu ya meza ya mbao, ndani ya mfuko wa suruali, juu ya kioo cha kabati. Mara ya kwanza kwenye filamu simu inatetema kweli, ni ujumbe wa pole. Mara ya pili tunasikia mtetemo ule ule huku tumeshaona simu imezimwa. Mara ya tatu ni mfuniko wa sufuria unaotikiswa na mvuke, ila kwenye kuhariri unaukata ulie kwa mapigo yale yale, mawili mafupi na kimya. Mtazamaji hatajua amefanyiwa nini. Kama unataka ala, mwombe mpiga orutu, fidla ya Waluo, avute uzi wake mmoja kwa noti moja ndefu, uiweke chini kabisa isikike kama jenereta. Zile ngoma za kushtua zilizojaa kwenye maktaba za bure ziacheni huko huko.

Skrini ya simu isiwe na namba halisi ya mtu. Tengeneza ujumbe kama picha, ufungue kwa ukubwa wa skrini nzima, na kama namba lazima ionekane, iwe ya mmoja wenu aliyekubali kwa maandishi.

Makaratasi, kwa ufupi: chini ya Sheria ya Filamu na Maigizo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji leseni kabla ya kushutiwa, na kuainishwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, kabla ya kuonyeshwa. Droni zina kanuni zake za 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na filamu hii haihitaji droni hata kidogo. Mwenye nyumba asaini karatasi inayosema siku, saa, na nani atalipa kikivunjika kitu.

Mezani kwa mhariri, jambo la kwanza kwa walioshuti kwa simu ni kuzibadilisha faili ziwe na fremu 25 zisizoyumba, kwa programu ya HandBrake au Shutter Encoder. Simu nyingi hupandisha na kushusha idadi ya fremu kimyakimya, na matokeo yake midomo huanza sawa na sauti, kisha dakika tatu baadaye imeachana nayo. Kwa mkondo wa megabiti 50 kwa sekunde, dakika moja ni kama megabaiti 375. Saa nzima ya picha ni gigabaiti 22 na nusu. Nakala tatu, na moja ilale nyumba nyingine.

Kosa kubwa la kuhariri msisimko wa nafsi ni kukata kwenda kwa kile mhusika anachokitazama. Odhiambo anainua macho, tunakata, Akinyi mlangoni. Kila kitu kimeelezwa. Jaribu kubaki naye sekunde nne zaidi, tusikie ndala za Akinyi zikija, zisimame, zisisogee. Mpaka dakika ya nne usituonyeshe hata shoti moja ya anachokiona. Ukiitoa ya kwanza itakuwa na uzito wa mlango uliofunguliwa ghafla.

Lugha ni ile ya nyumbani: mama na waya kwa Dholuo, ndugu wawili wakichanganya na Kiswahili. Maandishi ya chini yasizidi mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja, na kasi ya herufi 15 hivi kwa sekunde. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usitafsiri kila neno la waya. Mpe msomaji kiini, uso wa mwigizaji umalizie.

Na mwisho wa hadithi, ambao wengi wangeufanya wa machozi na kuungama. Jioni, familia imeketi, kamati inataka hesabu isomwe. Akinyi anamkabidhi Odhiambo daftari: "Soma wewe, mimi macho yamechoka." Odhiambo anasoma. Nauli, dawa, sukari, mkaa. Anafika Jumanne. Penye pengo la risiti pana namba, tarakimu sita, kwa mwandiko wa dada yake. Kumbe alijua. Ameziba pengo, na sasa anamtaka asome uongo huo kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya mama.

Shoti hiyo iwe moja, bila kukata, kamera kwenye urefu wa mtu aliyeketi, kwa kuwa hii ndiyo mara ya kwanza Odhiambo amekaa chini tangu filamu ianze. Ishikilie sekunde hamsini. Hadibodi nyeupe iondolewe, shavu moja libaki gizani. Asome tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jenereta ya nje ikatike hapo, na taa iende nayo. Gizani tusikie karatasi ya daftari ikishikwa, si ikifunuliwa. Kimya cha chumba kile ulichorekodi, sekunde tano. Halafu majina.